Presha Kuka ya Umeme ya Lita Sita: Mwaka Mmoja wa Milo ya Jioni na Sikukuu Mbili Jijini Dodoma

Nilinunua jiko la presha la umeme, lile ambalo wauzaji wa hapa Dodoma hulitaja kwa jina la presha kuka, mwezi Februari mwaka jana kwa shilingi 185,000, baada ya miezi kadhaa ya kupita mbele ya duka na kulitazama kwa jicho la pembeni. Ni la lita sita, linakula wati 1,000, lina chungu cha ndani kinachotoka kwa ajili ya kuoshwa, mfuniko mzito unaojifunga na safu ya vitufe mbele. Chapa yake siitaji, kwa kuwa majiko ya ukubwa huu yanayouzwa mjini hapa yanafanana kama mapacha, na mengi nitakayoyaeleza yanatokana na namna yanavyofanya kazi na si nembo iliyobandikwa. Nimelipima kwa kazi mbili ambazo hazifanani hata kidogo: mlo wa jioni wa siku za kawaida na chakula cha sikukuu cha watu wengi. Kwa kazi ya kwanza sijutii hata shilingi moja. Kwa kazi ya pili ni msaidizi mzuri wa jikoni, ila mtu anayelinunua akidhani litampikia pilau ya Krismasi ya ukoo mzima ataishia kuazima sufuria kwa majirani kama alivyozoea.

Ni vyema nieleze kwanza ninampikia nani, kwa sababu jiko huhukumiwa kwa idadi ya sahani. Nyumbani kwetu Ilazo tuko watano. Nyumba ya kushoto anaishi shoga yangu wa Kondoa na mumewe na watoto wawili, na nyumba ya nyuma yupo bibi mmoja wa Kigogo, mzaliwa wa Mvumi, pamoja na mjukuu wake anayesoma. Kwa muda wa miaka mitatu sasa sisi kina mama watatu tumekuwa tukipika chakula cha jioni kwa zamu: mimi Jumatatu na Alhamisi, shoga yangu Jumanne na Ijumaa, na bibi Jumatano, wakati Jumamosi na Jumapili kila mtu hujitegemea. Anayepika huwajazia wenzake hotpoti, watoto wakazibeba, na hotpoti hurudi asubuhi ikiwa na chochote, hata kama ni ndimu mbili au kisado kidogo cha karanga, kwani kurudisha chombo kitupu bado ni aibu. Kwa hiyo katika siku zangu za zamu ninapikia watu kumi na mmoja, nami hufika nyumbani kutoka kazini Mtumba saa kumi na mbili jioni au zaidi, nikiwa na saa moja na nusu tu kabla watoto hawajaanza kusinzia.

Kabla ya jiko hili, zamu zangu zilikuwa za chakula chepesi kwa kulazimika. Nilipika wali na mchicha, ugali na dagaa, tambi na mayai, siku nyingine chai na chapati za kununua, na bibi wa nyuma hakuacha kuniuliza kama maharage yameadimika sokoni. Hayakuwa yameadimika, Soko la Majengo limejaa maharage mwaka mzima. Muda wa kuyachemsha ndio sikuwa nao. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, jambo ambalo watu tuliohamia kutoka Dar es Salaam tuligundua kwa sufuria kabla ya kulisikia kwa mtu yeyote: maharage yaleyale yaliyoiva Kinondoni kwa saa moja na nusu, hapa yanakutazama tu baada ya saa mbili, hasa kama yamekaa ghalani na kukauka kwa upepo wetu huu. Ndani ya presha kuka mvuke hauna pa kutokea, shinikizo linapanda, na joto la maji linavuka nyuzi 110. Hiyo ndiyo siri yote ya jiko hili, na kwa mkazi wa nyanda za kati ina faida kubwa kuliko kwa mtu wa pwani.

Nilianza na kande, kwa sababu hicho ndicho chakula kilichokuwa kimetoweka kabisa mezani kwetu. Asubuhi niliosha mahindi yaliyokobolewa nusu kilo na maharage nusu kilo, nikayaloweka kwenye chungu chenyewe, nikatoka. Jioni nilimwaga maji yale, nikatia mengine hadi yakapita chakula kwa vidole viwili, nikaongeza chumvi kidogo na kijiko cha mafuta ili povu lisipande, nikafunga mfuniko na kubonyeza dakika arobaini na tano. Dakika hizo hazianzi kuhesabiwa pale unapobonyeza. Jiko hupasha kwanza hadi shinikizo likamilike, na kwa chungu kilichojaa nusu hiyo ni robo saa au zaidi, jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikulisema kwa uwazi na lililonifanya siku ya kwanza nidhani limeharibika. Lilipomaliza nililiacha lipumue lenyewe kwa dakika kumi na tano huku nikikaanga vitunguu vya Singida, nyanya na karoti kwenye kikaango pembeni. Nilipofungua, mahindi yalikuwa yamepasuka midomo, maharage yamelainika bila kusagika, na mchuzi umekuwa mzito wenyewe. Niliunga kwenye chungu hichohicho kwa kitufe cha kukaangia, nikajaza hotpoti, na saa mbili kasorobo usiku nyumba tatu zilikuwa zinakula kande siku ya kazi.

Usiku ule niliandika namba za LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, kwenye karatasi kabla na baada ya kupika, na nimeendelea kufanya hivyo hadi leo kwa udadisi tu. Kande ya watu kumi na mmoja ilitumia uniti 0.6 hivi, maharage makavu ya nusu kilo hutumia uniti 0.3, na kuku wa kienyeji mmoja hutumia karibu kiasi hichohicho. Kwa sisi tunaonunua umeme kwa shilingi 356 hivi kwa uniti, hiyo ni shilingi mia mbili na kitu kwa kande na shilingi mia moja na kidogo kwa maharage. Mkaa wa kuivishia maharage hayo nilikuwa nikiununua kwa shilingi 1,500 hadi 2,000, na bado mtu alilazimika kukaa karibu na jiko akipepea na kuongeza maji. Kuna watu wanaoogopa majiko ya umeme kwa kukumbuka yale ya koili yaliyokuwa yakimaliza uniti kama mchezo, na hofu hiyo ilikuwa ya haki kwa majiko yale. Hili likishafikia shinikizo lake hujizima na kujiwasha lenyewe kwa vipindi vifupi, na chungu kimefunikwa kwa ukuta unaozuia joto lisipotee.

Baada ya kande nilipata tamaa. Nimepika njugu mawe, ambazo jina lake linajieleza na ambazo mkoa wetu huzilima kwa wingi lakini watumishi wengi wa mjini tumeacha kuzipika kwa sababu ya ukaidi wake: dakika hamsini baada ya kuloweka, zinatoka laini kama viazi. Kunde hazihitaji kulowekwa, dakika kumi na tano zinatosha. Utumbo nilioukatakata vizuri, dakika thelathini na tano. Kuku wa kienyeji aliyekomaa, yule ambaye mwenyewe anakuambia ni jogoo wa mbegu, dakika thelathini, na ukizidisha hapo nyama inaacha mifupa na unabaki na mchuzi wenye kumbukumbu ya kuku. Mbuzi ninayemnunua Jumamosi mnadani Msalato anahitaji dakika ishirini na tano. Kwa bahati mbaya mume wangu anaamini kuwa mbuzi wa Msalato akishafika nyumbani bila kupitia kwenye moto wa pale pale ameonewa, na katika hilo sibishani naye.

Jambo moja la msimu linafaa kusemwa. Kuloweka nafaka tangu alfajiri hadi jioni ni sawa kuanzia Mei hadi Agosti, lakini kwenye joto la Oktoba na Novemba maharage yaliyokaa majini mchana kutwa huanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Nilimwaga chungu kizima mara moja. Miezi hiyo sasa siloweki kabisa, ninayapika makavu kwa dakika arobaini. Jiko lina kitufe cha kuchelewesha ili lianze lenyewe wakati haupo, ambacho muuzaji alikisifia kuliko vyote, nami nimekitumia mara tatu tu. Kuacha umeme wa wati 1,000 ukijiwasha kwenye nyumba isiyo na mtu mzima ni jambo ambalo moyo wangu haujalikubali.

Bibi wa nyuma alilipokea jiko hili kwa tahadhari. Jioni ya kwanza aliyokuja kulitazama, nilikuwa nimefikia hatua ya kutoa mvuke kwa haraka, na kidude cha juu kilipofunguka kilipiga mluzi na kurusha mvuke hadi darini.

"Shikamoo bibi, karibu."

"Marahaba. Hilo garimoshi umelitoa wapi, mjukuu wangu?"

Nilimweleza, akasikiliza, akaomba kuonja maharage, akatafuna taratibu kama mtu anayepima chumvi ya mwenzake, kisha akasema yameiva lakini hayana moshi. Ni kweli hayana moshi. Ladha ile ya chungu kilichokaa juu ya mafiga haipatikani humu, na mtu aliyekulia nayo ataikosa. Hata hivyo wiki mbili baadaye alimtuma mjukuu wake na bakuli la njugu mawe mbichi na ujumbe kwamba, kama garimoshi lina nafasi, anaomba lift.

Kuna vyakula ambavyo sivipeleki humo na simshauri mtu avipeleke. Ugali haufai, kwani chungu cha ndani ni chepesi na kinazunguka pamoja na mwiko, ukuta wake una utando laini unaochubuka, na kwa ugali wa uwele au mtama unaohitaji mkono wa nguvu ni kujitafutia hasara. Mlenda haufai pia. Mlenda unahitaji dakika chache, magadi kwa kipimo cha mkono na jicho la mtu anayeukoroga, na ukiufungia ndani ya shinikizo unapata maji ya kijani yanayovutika. Perege na kambale wa Mtera wanavunjika. Karanga zilizosagwa zikitiwa mapema huzama chini, zinaganda na kuungua, na jiko linajizima kwa kuonya. Nilijifunza kuzitia baada ya kufungua mfuniko, kwa moto wa kukaangia, huku nikikoroga. Tui la nazi hukatika vilevile, na kwa kuwa nazi zinazotufikia huku zimesafiri kutoka pwani na bei yake imesafiri nazo, si chakula cha kufanyia majaribio. Kisamvu nakichemsha kwanza kwenye sufuria iliyo wazi, kama mama alivyonifundisha, ili ile sumu ya majani ya muhogo itoke na mvuke, ndipo nakihamishia kwenye presha kikalainike.

Wali wa kawaida jiko hili linapika vizuri kwa kiasi cha watu watano au sita, na hapa ndipo ninapofikia sikukuu ya kwanza. Idd el Fitr ilikuwa zamu ya shoga yangu kwa haki zote, naye aliliazima jiko langu siku moja kabla. Mpango wake ulikuwa wa akili: supu ya makongoro ya kunywa baada ya swala, ambayo kwa mkaa humlazimu kuamka usiku wa manane, angeianza saa kumi alfajiri na ikawa tayari kabla wanaume hawajarudi. Makongoro manne yaliyokatwa vipande, tangawizi, vitunguu saumu, ndimu baadaye, dakika sitini. Supu hiyo ilinata midomoni, na nilipoletewa hotpoti yangu saa mbili asubuhi niliinywa nikiwa nimesimama mlangoni. Kosa lilikuja mchana. Kwa kutiwa moyo na supu, aliamua kupika humohumo pilau ya watoto, kilo moja ya mchele, akatia maji kwa kipimo kilekile anachotia kwenye sufuria. Nilisikia akiniita kutoka dirishani.

"Shoga, njoo uone. Hii si pilau, ni bokoboko."

Lilikuwa bokoboko kweli, punje zimepasuka na nyama imechanganyika nazo, watoto wakalila kwa vijiko na kuomba tena. Sababu ni nyepesi mtu akiifikiri: kwenye sufuria ya kawaida sehemu kubwa ya maji hupotea kwa mvuke, na sisi tumezoea kipimo cha vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele kwa hesabu ya upotevu huo, ilhali ndani ya presha hakuna kinachopotea. Tangu siku hiyo natia kikombe kimoja cha maji kwa kimoja cha mchele, na robo ya nyongeza kama mchele ni mkavu, dakika saba, kisha unapumua kwa dakika kumi. Unatoka punje kwa punje. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha ya bakuli la wali na maneno ya lugha mbili ambazo hakuna hata mmoja wetu anayezisoma, kwa hiyo somo hilo tulilipia kwa kilo ya mchele.

Krismasi ndiyo iliyokuwa mtihani. Ndugu wa mume wangu walikuja kutoka Dar es Salaam na Morogoro, wengi wao kwa treni ya SGR, ambayo imefanya safari ya Dodoma kuwa nyepesi kiasi kwamba watu wanaokuja kula wameongezeka. Pamoja na majirani tulikuwa watu ishirini na wawili. Niliandika mpango nyuma ya kalenda ya zamani wiki moja kabla. Mchele kilo nne, nyama ya ng'ombe kilo nne, kuku wa kienyeji watatu, maharage ya wasiokula nyama, kachumbari, matembele, tikiti maji. Lita sita kwenye boksi la jiko si lita sita za chakula: mstari wa juu ndani ya chungu uko kwenye theluthi mbili, na kwa nafaka zinazovimba hupaswi kupita nusu. Kwa nyama hiyo ni kilo mbili pamoja na maji yake kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo niligawa kazi: tarehe 24 jioni, mikupuo miwili ya nyama na mmoja wa maharage, tarehe 25 asubuhi, kuku kwa mikupuo miwili kabla ya kwenda kubabuliwa juu ya mkaa, pilau yenyewe ipikwe kwenye sufuria kubwa ya kuazima, kwa supu ya nyama ile, juu ya moto wa mkaa uani, kama kawaida.

Mkupuo wa kwanza ulikwenda vyema. Wa pili ulikuwa umehesabu dakika kumi pale umeme ulipokatika, saa mbili na nusu usiku wa mkesha, mtaa mzima ukasema "aaah" kwa pamoja. Mfuniko hauwezi kufunguliwa shinikizo likiwa ndani, na sikutaka kulitoa, kwa hiyo niliacha jiko limefungwa kama lilivyo na kukaa na wageni gizani tukila karanga. Umeme ulirudi baada ya saa moja na dakika hamsini. Nilitarajia jiko liendelee pale lilipoishia, lakini lilikuwa limesahau kila kitu na kuonyesha vistari vitupu, hivyo kama ningekuwa nimelala nyama ingelala nusu mbichi hadi asubuhi. Nililiwekea dakika kumi na tano nyingine na nyama ikatoka salama, laini zaidi ya ile ya kwanza, nadhani kwa sababu ya kukaa kwenye joto lake muda wote ule. Maharage yaliiva saa sita kasoro usiku. Yapo majiko yanayokumbuka yalipoishia umeme unaporudi, na kama ningenunua leo ningeliuliza hilo dukani kabla ya kuuliza idadi ya vitufe.

Faida ya kweli ya sikukuu ile ilionekana asubuhi ya tarehe 25. Nyama imeshaiva, supu ipo kwenye ndoo safi, pilau ilichukua saa moja na robo tu tangu kukaanga vitunguu hadi kupalia mkaa juu ya mfuniko, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie Dodoma nilihudhuria ibada ya asubuhi badala ya kubaki na mawifi tukitoa machozi ya moshi. Wifi yangu mkubwa, ambaye hasifii kitu kirahisi, aliuliza nyama ile ilichemshwa saa ngapi. Nikamwambia, jana. Akasema pilau haina haraka, akaongeza sahani.

Sasa kasoro, ambazo ni za uzito tofauti. Plagi iliyokuja na jiko ilikuwa ya miguu miwili ya duara, wakati soketi zetu ni za miguu mitatu ya pembe, na muuzaji alinipa adapta ya bei ya chini akaniambia inatosha. Haikutosha. Mwezi wa tatu nilisikia harufu ya plastiki, nikachomoa na kukuta adapta imelainika upande mmoja na soketi ya ukutani imebadilika rangi. Fundi wa umeme aliikata plagi ile na kufunga ya miguu mitatu yenye fyuzi, kazi ya robo saa, na ningeshauri ifanyike siku ya kwanza kabla ya kupika hata yai. Usilichomeke kwenye waya wa kuunganisha pamoja na friji.

Kasoro ya pili ni mpira wa ndani ya mfuniko. Kwanza unanyonya harufu: ukipika utumbo Alhamisi, wali wa Ijumaa utakusalimu kwa utumbo. Kuuvua, kuuosha kwa ndimu na kuuanika juani kunasaidia, na jua la hapa halina mpinzani kwa kazi hiyo. Pili, mwezi wa nane mpira ulilegea, mvuke ukawa unatoka pembeni na shinikizo halipandi. Nilirudi dukani na kadi ya dhamana ya mwaka mmoja. Kijana aliyekuwepo aliitazama, akasema kadi haina muhuri, nikamkumbusha kuwa muhuri ni wao walipaswa kuugonga, akaniambia mpira wenyewe haupo, uagizwe Dar es Salaam. Wiki tatu nilirudi kwenye mkaa na tambi, na zamu zangu zikajulikana. Mpira ulipofika niliulipia shilingi 12,000, nikanunua miwili. Kwa maoni yangu duka lisilokuwa na mipira ya akiba halijauza jiko, limeuza nusu yake.

Tatu, utando wa chungu cha ndani umeanza kuchubuka mahali ambapo binti wa kazi alikwangua kwa kijiko cha bati katika wiki yake ya kwanza. Simlaumu, sikuwa nimemwonyesha. Mwiko wa mti tu. Yako majiko yenye chungu cha chuma kisichopata kutu, yasiyo na utando, na ingawa chakula hushika chini zaidi kwa wasio waangalifu, ningechagua hilo safari ijayo.

Maduka ya hapa yamejaa majiko haya kuliko miaka mitatu iliyopita, na si kwa bahati. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034, na bei zimekuwa na ushindani tangu hapo. Kwa nyumba yangu sijaacha mkaa wala gesi. Gunia la mkaa lililokuwa likiisha kwa wiki tano sasa linavuka miezi mitatu, na gesi inabaki kwa ugali, mboga za majani na samaki. Mtu anayeishi peke yake au wawili asidanganyike na lita sita, kwani chakula kidogo kwenye chungu kikubwa kinataka maji mengi kuliko kinavyohitaji. Lita nne zinamtosha. Mwenye familia ya watu wanane na kuendelea, anayealika kila sikukuu, ni bora anunue mawili ya lita sita, au moja na jirani anunue jingine, kuliko kutafuta moja kubwa mno ambalo litakaa kabatini siku za wiki.

Shoga yangu amekwisha kulinunua la kwake, la chungu cha chuma, na plagi tumeibadilisha siku hiyohiyo. Mpango wa Pasaka upo tayari nyuma ya kalenda: jiko lake litachemsha nyama, langu litachemsha kuku na njugu mawe, pilau itabaki uani kwenye mkaa. Bibi wa nyuma ameandikwa kwa ugali wa uwele na mlenda, na amesema atapikia kwake, kwa sababu hataki mlenda wake usikie mluzi.